Sisi Akina Scampaneve

Jumapili, 6 Oktoba 2019

Nimewaambia. Nilimngoja Baba amalize supu ya dengu, nikasema nina mtu. Wa Savona, fundi wa lifti, nataka kumleta nyumbani. Mama akauliza anaitwa nani. Nikacheka kabla ya kujibu – ndicho kichekesho chetu mimi na Tobia, tangu siku ile hotelini Bologna mhudumu aliponipa ufunguo wa chumba cha Tobia kwa kuwa jina letu la ukoo ni moja.

“Tobia Scampaneve,” nikasema. “Kama sisi.”

Nilidhani na wao watacheka. Baba aliweka kijiko mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akauliza ana umri gani. Thelathini na mitano. Akauliza jina hilo ni la baba yake au la mama yake. La mama, nikasema, baba yake hakumjua. Akainuka, akavaa koti, akatoka. Jibini hakuligusa.

Mama anasema Baba amechoka. Aliyechoka hulala. Haendi kutembea mvuani.

Jumatatu, 7 Oktoba

Baba kaenda zizini kabla sijaamka. Hakunisemesha kutwa.

Jumatano, 9 Oktoba

Habari imeshafika baa. Nilipita kunywa kahawa nikitoka kuzalisha ng'ombe wa kina Petrella, mikono bado inanuka. Rocco, mwenye baa, akanidaka mlangoni: eti Scampaneve anaolewa na Scampaneve, basi mashuka ya harusi hayana haja ya kutariziwa herufi mpya za jina, yatafaa ya bibi yako! Vijana wakacheka. Mimi pia. Wazee wawili waliokuwa wakicheza karata hawakucheka. Mmoja alizikodolea karata zake kana kwamba zimemtukana.

Hilo ndilo lililoniharibia siku.

Babu Achille, kila Krismasi, alitusimulia jinsi jina letu lilivyopatikana: kapteni wa mfalme aliyewavusha askari mlimani wakati wa baridi kali, wenzake wakafa, yeye akaiponea theluji. Scampaneve. Jina la shujaa, alisema, na haliko popote chini ya jua ila hapa Pietralunara. Mkilichafua, mmechafua la pekee lililopo.

Leo nimefungua tena ile ramani ya simuni inayoonyesha kila jina la ukoo liko wapi. Italia nzima nyeupe. Doa moja hapa kwetu, watu kumi na mmoja – sisi na watoto wa ndugu zake Babu. Doa la pili Savona, watu wawili. Tobia na mama yake. Zamani nililiona doa lile kama bahati. Leo nililitazama kama ninavyotazama uvimbe kwenye kiwele.

Watu wawili hawaoti ardhini kama uyoga. Lazima walitoka mahali.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimetoka kwa Bibi Ersilia. Ni dada wa marehemu bibi yangu, aliishi miaka mingi nyumbani kwetu, chini ya Babu Achille, kabla ya kuhamia chumba chake juu karibu na kanisa. Nilisingizia nimekuja, kama daktari wa mifugo, kumtazama paka sikio. Alikuwa anachanja chestinati, zile njugu za msituni, za kuchoma. Nikamuuliza wazi: Savona yuko nani?

Kisu kikasimama. Akasema afadhali nimuulize baba yangu. Nikamwambia Baba hazungumzi nami tangu Jumapili. Akachanja nyingine mbili, tatu. Halafu akasema, bila kuninyanyulia macho:

“Yuko Clelia. Shangazi yako.”

Baba hana ndugu. Ndivyo nilivyolelewa. Mtoto wa pekee wa Achille!

Clelia alikuwa na miaka kumi na saba alipopata mimba. Hakumtaja mwanamume. Achille hakumpiga, anasema Ersilia, hakupaza hata sauti. Alimwambia tu amelichafua jina, aondoke. Siku ya pili akazitoa picha zake ukutani. Jina lake halikutajwa tena nyumbani, na baada ya miaka michache hata kijijini. Mama yake alikuwa akilitaja zizini, kwa ng'ombe.

Nikauliza mtu anawezaje kumtupa mwanawe kwa ajili ya kapteni aliyekufa zamani.

Ersilia akacheka, kicheko kibaya. “Kapteni gani, mjukuu wangu? Alikuwa mtoto mchanga. Aliachwa kizingitini kwa masista, mwezi wa pili, theluji magotini. Asubuhi walimkuta bado analia. Mama yake hakujulikana. Wakambatiza Scampaneve kwa kuwa aliponea theluji, basi. Huyo ndiye babu wa Achille.”

“Na Babu alijua?”

“Alinieleza mwenyewe, siku moja divai ilipomzidi. Alijua. Na bado akamfukuza.”

Nikamuuliza mbona na yeye alinyamaza, hata baada ya kumzika Achille. Akasema kuna watu huwaachi kuwaogopa siku ile ile ya mazishi. Akanifungia chestinati kwenye gazeti. Nimezitupa njiani, sijui kwa nini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimempigia Tobia. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yote yakanipotea. Nikamwuliza tu mama yake anaitwa nani. Clelia, akasema, si unajua? Najua. Jina nilikuwa nalijua tangu Aprili. Nilitaka kulisikia tena.

Nikamwambia.

Nikasikia lifti inashuka huko alikokuwa. Yeye aliambiwa mama yake ni yatima wa masista, hana mtu duniani. Kisha akauliza, “Kwa hiyo mimi ni nani kwako?”

Binamu. Mtoto wa shangazi yangu. Sikuweza kulitoa neno hilo mdomoni. Akakata simu. Au mimi ndiye niliyekata.

Jumanne, 15 Oktoba

Hajapiga.

Sheria inaturuhusu, nimeuliza. Kanisa linataka kibali cha askofu. Mama analia jikoni, anasema watu watatucheka mpaka wajukuu. Yeye aliolewa hapa miaka mitatu baada ya Clelia kuondoka. Alinong'onezwa habari hiyo, akaambiwa asiulize. Hakuuliza. Nikamwambia nyumba hii imejengwa kwa watu wasiouliza. Nimejuta. Lakini sikulifuta neno.

Nampenda bado. Hilo halijaondoka. Nilidhani undugu wetu ukijulikana litaondoka lenyewe, kama homa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimemfuata Baba zizini. Alikuwa anakamua, kichwa amekiegemeza ubavuni mwa ng'ombe, na alijua ni mimi. Nikamwambia Clelia yu hai, ana mtoto, na mtoto huyo ndiye niliyetaka kumleta. Hakugeuka. Maziwa yakaendelea kulia ndooni.

Nikamwambia na habari ya mtoto mchanga kwenye theluji. Hapo mikono ikasita. Hakuwa akijua. Miaka yote hii anamsimulia kila mgeni yule kapteni.

Akasema Babu alimwamuru amwendeshe Clelia mpaka stesheni, naye akamwendesha. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwanamume mzima. Njiani Clelia alimwomba asimamishe gari, tumbo lilikuwa linamchafuka. Hakusimamisha. Aliogopa akisimama atageuza gari.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Nimeondoka bila kufanya lolote.

Jumamosi, 19 Oktoba

Tobia amepiga. Sauti yake ilikuwa mbali, ya heshima, na heshima hiyo iliniuma kuliko ukimya. Amemwambia mama yake. Clelia alisikiliza mpaka mwisho, akafunga duka lake la vifungo, akaanza kupiga pasi koti. Wanakuja kesho. Nikamuuliza, na sisi? Akasema hajui, Mirella, tangu Jumamosi ile akiniwaza ananiona mimi, kisha anaiona sura ya mama yake ndani ya yangu.

Nimewaambia mezani kwamba wanakuja. Mama akaanza kufua vitambaa vya meza. Baba akasema kesho ana kuni za kupasua.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika chumbani kwangu, dirisha wazi. Wamefika. Wako uani.

Clelia ni mdogo wa umbo. Koti la kahawia, nywele fupi, mkononi trei ya keki za duka imefungwa utepe. Ana paji la uso la Baba. Mama alimshika mikono yote miwili, akamkaribisha ndani. Akakataa, kwa upole. Alisema kwenye kizingiti hiki alitolewa na kaka yake, atasubiri kaka yake amrudishe.

Baba yuko ghalani, mlango umerudishwa. Shoka linapiga. Halikusita gari lilipoingia, halikusita Mama alipomwita mara mbili.

Clelia akausogelea mlango ule. Hakugonga. Akasema, si kwa sauti kubwa:

“Donato. Nataka kujua kitu kimoja. Mama alikufa lini?”

Shoka likapiga. Likapiga tena. Kisha kimya.

“Machi, tisini na moja,” Baba akasema kutoka ndani. “Siku ya Mtakatifu Yosefu. Alikuita.”

Clelia ameketi juu ya gogo, trei mapajani. Halii. Anavuta utepe, anaukunja, anaukunjua. Tobia amesimama katikati ya uwanja, hajui amwendee mama yake au aje huku. Ameniona dirishani. Hakutabasamu, lakini hakuondoa macho.

Chini jikoni maji ya tambi yanachemka. Tambi hazimngojei mtu, kwetu hutiwa watu wakishakaa. Mama amesimama ngazini, ananiuliza, sauti inamkatika, atie za watu wangapi. Dirisha langu liko wazi, nadhani sauti yake imefika uani, maana aliyejibu ni Baba.

“Watano.”

Mlango wa ghala haujafunguka bado. Clelia amesimama. Tobia anakuja upande wa nyumba, nasikia viatu vyake kwenye ngazi za nje, na sijui nikishuka nimwite binamu, au nimwite–