Muguu Njo Inasikia?

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Simulation ya kwanza hapa Butembo! Salle ya mazoezi imepangwa kama chumba cha wagonjwa mahututi: kitanda, chupa ya sérum yenye maji matupu, mashine inayolia ovyo. Sisi wa kiné, tiba ya viungo, tunajifunza kumwinua mgonjwa kabla ya kwenda stage, mafunzo ya hospitalini, kule Beni. Mgonjwa wangu wa kuigiza ni Mama Kaswera, muuza maharagwe. Assistant Gracien, mwalimu wetu, amemfundisha namna ya kuumwa.

Nikagusa mguu wake chini ya shuka. Mama, unasikia? "Nasikia." Vizuri. Nikamsimamisha — puu! Kaanguka kwenye matelas, godoro la sakafuni, na mimi juu yake.

Kumbe mguu ulikuwa umekufa ganzi, ndivyo alivyoambiwa aigize. Gracien hakucheka. "Umeangusha mugonjwa, Agar. Kule Beni hakuna matelas chini." Nikikosea tena siendi stage.

Lakini alisema anasikia!

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemfuata Mama Kaswera sokoni. Mbona alinidanganya? "Miye? Uliuliza kama nasikia. Niko na masikio! Haukuuliza kama muguu njo inasikia." Yaani mguu ndio usikie, si yeye.

Nimekasirika, nimecheka, sasa sijui. Neno moja, masikio na ngozi pamoja — tutaelewana vipi? Mama yangu kapiga simu: unanisikia? Nikanyamaza. Akafikiri réseau imekatika.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepita mtihani! Nilimfunika Mama Kaswera miguu, nikauliza nimemgusa wapi. "Mimi sijue, we njo unajua," akasema. Hajui: ganzi! Sikumsimamisha. Gracien: bien. Basi, Beni! Nafurahi na ninaogopa.

Jumatano, 16 Oktoba

Beni. Mgonjwa wa kweli. Papa Lukumani, dereva, alianguka toka juu ya lori lake la kakao, njia ya Oicha. Daktari anasema picha ya mgongo ni nzuri, leo asimame. Mkewe ameleta viatu vipya. Akisimama tu, wanarudi nyumbani.

Nikamfunika miguu kwa shuka. Papa, minagusa wapi? Akajibu upesi, anatabasamu: "Ku kidole kikubwa, docta. Nasikia muzuri sana."

Mikono yangu ilikuwa mifukoni.

Labda niliuliza vibaya tena? Nikarudia. "Sasa ku kisigino." Mkewe: "Alhamdulillahi!" Daktari akachungulia mlangoni: alors, mademoiselle, anasimama? Lukumani akanikazia macho mimi peke yangu. Ananiomba nini? Ninyamaze? Mbele ya mke wake niseme nini?

Nimeomba kwenda kunawa mikono. Naandika hapa koridoo, nimesimama, mikono mikavu. Mlango uko wazi. Namsikia mkewe akisema leta muguu. Kiatu kimoja kimeingia, anafunga kamba, anavuta kwa nguvu. Anamuuliza kama kinamubana.

"Hapana," anasema Lukumani. "Kiko muzuri kabisa."