Nimechoka Kulikanda Goti la Namba Tisa

Mpendwa Bi Tamima,

Assalaam alaykum. Naomba msaada wako na nakuomba usicheke, maana kila ninayemweleza hapa Nizwa anacheka, na mimi sioni kichekesho, naona hasira tupu. Gazeti lenu la Kiswahili naletewa na wifi yangu kila anapotoka Maskati, nikaona unavyowajibu wenzangu bila ya kuwaonea haya, ndiyo nikashika kalamu.

Mimi wazee wangu wametokea Tabora, mume wangu Hashil ni mtoto wa Unguja mjini, na sote pamoja na ndugu na jamaa tuna timu yetu ya mpira, tunaiita Vikokotoni, inacheza Ijumaa baada ya Alasiri kwenye kiwanja cha mchanga njia ya kwendea Tanuf, wanaume wanasimama kando ya mstari na sisi wanawake tunakaa ndani ya magari, tumeyapanga upande mmoja, chupa za chai miguuni, na kwa kuwa si adabu mwanamke kupiga makelele kiwanjani basi tunashangilia kwa honi. Usidhani nakwenda kunywa chai, Bi Tamima. Mpira naujua, na ofsaidi naiona kabla ya refa.

Sasa timu hii imegeuka wodi ya hospitali. Kipa wetu Mahrous anavua miwani ili acheze, mpira anauona ukishalala wavuni, halafu anawafokea mabeki. Beki mwenyewe ni Yaarub, ambaye msuli wa paja unamvutika akiwa bado anafunga kamba za viatu. Yuko mwengine, jina namsitiri kwa ajili ya mkewe, mwezi uliopita kavunjika mkono akiruka kushangilia goli, na goli lenyewe likakataliwa! Machela hatuna, tuna pikapu ya Yaarub, na siku akiumia Yaarub tunaanza kutafutana nani ataiendesha. Na hawa wote hakuna wa kuwaambia kaeni, kwa sababu ni wakubwa, kila mmoja ni ami wa mtu au mkwe wa mtu, na vijana wetu wakitaka kumpokonya mzee mpira mazoezini wanasema kwanza "samahani ami", na wakimaliza kuomba samahani ami keshautoa mpira, tena kawapa wapinzani. Msimu mzima tunafungwa, na tukifungwa wanasema refa.

Nije kwa wangu. Hashil ana miaka arobaini na tisa na ni namba tisa tangu aliponioa. Goti lake la kulia daktari kalipiga picha, kamwambia mpira basi, yeye akatoka nje akaniambia, "Daktari yule kazoea kriketi, mpira haujui. Mie goti langu nalijua mwenyewe, khalas." Basi Jumamosi goti halikunjiki, anasali juu ya kiti, mimi naanza kumkanda kwa maji ya moto na mafuta ya karafuu, namkanda wiki nzima mpaka mikono yangu inanuka karafuu hata nikipika, Alhamisi anapanda ngazi, Ijumaa huyoo anaingia uwanjani. Na kuna wakati anaupokea mpira kwa kifua kama zamani, nami sijizuii, nampigia honi yetu, fupi fupi halafu moja ndefu, ambayo anaijua, basi hapo anachomoka mbio, na hafiki mbali goti linamwangusha.

Na anayekaa benchi nyuma yake ni nani? Mwanetu Adham, miaka ishirini, naye namba tisa, anauza spea za magari mtaa wa jirani, Firq. Kazi yake timuni ni kumpelekea baba yake maji.

Juzi Adham kanifuata jikoni. "Mama, wallahi mimi nimechoka kukaa. Kila Ijumaa baba, baba bas. Timu ya Firq wamenipa fulana, namba tisa. Sisi na Vikokotoni tunacheza Ijumaa ile nyengine. Usimwambie baba."

Nikamuuliza, "Utacheza kumfunga baba yako?"

"Baba hachezi, mama. Baba anasimama tu."

Nilikaribia kumzaba kibao, Bi Tamima, ila alichosema ni kweli, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Sasa nikimwambia Hashil, nyumba itawaka moto na mtoto ataonekana msaliti kwa ukoo mzima. Nikinyamaza, mume wangu atamwona mwanawe na fulana ya watu mbele ya magari yote yale, na najua hatanisamehe kwamba nilijua. Nifanye nini? Na hawa wazee wataondoka lini uwanjani watupishe?

Khamisa, Nizwa

*

Khamisa mwanangu,

Wa alaykum salaam. Unisamehe, nimecheka, kwenye ule mkono na lile goli. Nilipofika kwa Adham na chupa ya maji sikucheka tena.

Hasira yako ni ya haki. Wazee hao wamekalia nafasi ya watoto wao na wanajificha nyuma ya ukubwa. Adabu tuliyofunzwa ni kumwamkia mkubwa na kumpisha apite. Haikutaka kijana akae benchi akingoja baba yake aanguke.

Lakini wewe nawe! Umemsema kipa, umemsema beki, umemsema na aliyevunjika mkono, mbona hukujisema? Nani anayemtengeneza Hashil kila wiki? Daktari kamkataza, wewe ukachemsha maji. Goti limepiga ukelele mpaka limechoka, wewe unalinyamazisha kwa karafuu, kisha Ijumaa unakaa garini na kumpigia honi. Mwanamume mzima anaisikia honi ya mkewe mbele ya watu, na unataka akumbuke picha ya daktari? Huyo haichezei Vikokotoni. Anakuchezea wewe, na moyoni unalijua hilo, ndiyo maana mikono haijaacha kukanda.

Sasa nisikilize. Siri ya Adham mrudishie mwenyewe, wewe si posta. Aliyeweza kupokea fulana ya Firq aweze pia kukaa mbele ya baba yake, ambusu kichwa, amwambie. Amwambie wiki hii, na asipofanya, msemee wewe, yeye akiwapo. Hashil atafoka, na muache afoke, ni haki yake. Kisicho haki ni kupata habari hiyo uwanjani, watu wote wanamtazama usoni.

Mafuta ya karafuu yaingie kabatini leo. Mwambie kwa upole, bila kununa: goti la kwendea msikitini nitalikanda mpaka nife, goti la kuchezea mpira sitalikanda tena.

Akishapoa, na umngoje apoe kweli, muombe jambo moja, na uliombe wewe mkewe, usiwatume wanaume. Muombe Ijumaa ya Firq aanze mechi, aguse mpira wake, kisha anyanyue mkono atoke, avue fulana amvishe Adham kwa mkono wake. Akikubali, Adham awarudishie Firq fulana yao. Akikataa, Adham aende Firq mchana kweupe, na asiwepo wa kumwita msaliti, kwani baba yake atakuwa amechagua.

Na la mwisho. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mna watu wanaoanguka, mna watu wanaobebwa kwenye pikapu, hamna hata mmoja aliyetoka uwanjani kwa miguu yake. Huo si ukaidi mtupu, Khamisa. Huko kwenu honi anapigiwa anayekimbia tu, na anayetoka anatoka kimya kimya kama aliyefanya kosa. Hata mimi nisingetoka.

Basi zungumza na mashoga zako mapema. Siku hiyo Hashil akinyanyua mkono na kuanza kuja mstarini, akichechemea hivyo hivyo, mpigie honi yake, fupi fupi halafu ndefu, na magari yote yaitikie, na usiiachie mpaka betri ife.

Tamima