Kisahani cha Rada

Alhamisi usiku

Chumba bado kinanukia udi, na maonyesho ya chama cha sayansi cha shule ni kesho.

Nilianika kisahani cha rada cha ndege yangu ya mfano dirishani kikauke rangi ya fedha. Bibi akadhani ni cha bati, akakitilia kaa la moto afukize nyumba. Plastiki yote ikayeyuka.

"Si kisahani tu, mwanangu? Chukua changu cha kahawa."

Nimekijaribu, nisimvunje moyo. Ni kizito, ndege imepinduka.

Bila kisahani mgongoni, hii ni ndege ya kawaida tu. Kile ndicho jicho lake, kinazunguka angani na kuona ndege za adui zikiwa bado mbali. Kipuri sitapata. Mjomba alininunulia ndege hii ng'ambo, na duka lenyewe limeshafungwa. Kwenye maduka ya Biashara Street nimetafuta hata kifungo kikubwa cha kushonea nikiweke badala yake. Hakuna.

Nilitaka watu waitazame ndege, wasinitazame mimi. Miezi yote ile ya kusoma maelekezo na kugundisha...

Kesho mwalimu akiita jina langu, nitasema sikutengeneza kitu. Bibi asijue kuwa nimejitoa.