Shuka la Mama Limeshinda Kambani

Nyumba za Wafanyakazi, Na. 14,
Mtambo wa Umeme.
9 Juni

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji na mpwa wangu Kasuku hawajambo? Na Mama, kifua chake je? Analala sasa, au bado anakaa kitako na mito mgongoni? Sisi huku wazima kabisa. Wifi yako amenilazimisha nishike kalamu maana ameona situlii.

Dada, mtambo wa kuosha moshi umewashwa! Wiki ya tatu sasa. Moshi wa makaa unapitishwa kwenye maji ya chokaa kabla ya kutoka nje, na ile gesi ya salfa iliyokuwa ikimkaba Mama inabaki humo humo. Mimi ndiye niliyekuwa nikililisha tanuri makaa, kisha narudi nyumbani kumsikia akikohoa. Niache nifurahi.

Ofisini wamebandika chati ya salfa ya nchi zote za ukanda wetu. Mstari wetu ulikuwa mrefu kupita yote, wenu huko ng'ambo ya mpaka kiduchu. Msituringie! Nusu ya umeme wetu mnautumia nyinyi, hata taa unayosomea barua hii inawaka kwa makaa yangu. Ila mtambo huu nchi zote zimeuchangia, na hapo nawavulia kofia.

Mpimaji wetu wa hewa anasema salfa imeshuka mno. Lakini Mama unamjua, karatasi hazimbabaishi. Siku aliyohamia kwako alinikabidhi shuka lake jeupe akasema, "Lianike uani. Siku litakaposhinda kambani lisinuke moshi, nitarudi."

Miaka miwili nimelianika kila Jumamosi. Kila jioni nalinusa, nakunja uso, nalifua tena. Jumamosi iliyopita sikuiamini pua yangu. Nikamwita wifi yako, kisha jirani yetu fundi cherehani, yule asiyekubaliana na mtu. Wote wakanusa. Sabuni na jua, basi. Nilikaa chini pale pale uani nikalia.

Chumba chake nimekipaka rangi, na dirisha lake sasa linafunguliwa.

Msalimie sana Shemeji, na Kasuku mwambie mjomba anamkumbuka. Mungu awape afya na awazidishie kwa kumtunza mama yetu.

Humu kwenye bahasha kuna kipande cha lile shuka, nimekifunga kwenye nailoni kisishike harufu ya njiani. Mpe anuse. Najua atafoka kwamba nimelikata shuka zima, halina hata kiraka. Mwambie aje anifokee hapa hapa.

Mdogo wako akupendaye daima,
Mlisha Tanuri