Hesabu Nimemwachia Tumaini

Jumanne, Novemba

Kwa hiyo nimelifuta. Azimio la kazi, mpango wangu wa masomo ya wajukuu, nililipanga hadi Julai, ilhali daktari haniahidi hata Pasaka. Nilikuwa najidanganya. Tena mwezi mzima nimemficha binti yangu Rehema kwamba nasinzia katikati ya somo. Wote watatu wanasomea hapa nyumbani, huku ughaibuni, na mwalimu wao ni mimi tu. Niliogopa kwamba nikifa, masomo yao yatakufa nami.

Leo nimezinduka kitini, blanketi magotini, sijui nani kanifunika. Tumaini, mkubwa wao, alikuwa anafundisha.

"Musa, robo mbili ni nini? Usimwangalie Babu, Babu amelala."

"Babu anakoroma kwa Kiswahili," Musa akajibu kwa Kiingereza. Eliya mdogo akaangua kicheko.

"Jibu swali!"

"Nusu," Musa akasema. Tumaini akaichukua chapati yangu ya chai, akaikata, akawaonyesha kwa nini.

Nilichungulia tu, nikafumba macho tena. Miaka yote ya ualimu sijawahi kufurahi hivyo kwa kutohitajika.

Rehema aliporudi kutoka zamu yake ya kutunza wazee wa watu, nikamwambia yote kabla hajavua koti lililolowa.

"Baba, walishaniambia zamani. Ukilala, wanaendelea."

Azimio jipya ni fupi. Hesabu ni za Tumaini. Mimi nimebakiza hadithi tu, asubuhi, nikiwa macho. Pembeni nimeandika: nisipoamka, msinisubiri.