Donge la Unga Chini ya Boneti

Mke wangu,

Mkate ulio mezani usiguswe!

Nimekimbilia dukani kubadilisha manifoldi mpya, lile bomba la kuingizia hewa kwenye injini ya mkweche wangu. Ulisema ile ndefu haitaenea chini ya boneti, nikakubishia. Asubuhi nikaweka donge la unga wako wa mkate juu yake, nikashusha boneti nipime nafasi. Donge likawa bapa kama kandambili, na boneti haikufunga. <s>Umebahatisha tu.</s> Umeshinda. Nachukua ile fupi.

Donge nililirudisha kwenye bakuli, nikaenda kuoga, nikakaa saa nzima. Kutoka bafuni, umeshalioka, umeshaenda kazini. Lina grisi!

Mama yangu ameshakula vipande viwili. Anasema leo ndiyo umejua kuoka.

Tafadhali usimwambie.

Mumeo, fundi asiyesikia