Fundo la Mbeleko Mtoni

Kibosho, Jumamosi

Dada Rosa, shikamoo.

Mimi na mwanangu Agnesi hatujambo, ila kwa baridi ya huku tunavaa sweta hadi saa nne. Mama mkwe amenipeleka kwa mwalimu anayefundisha kina mama kuvuka mto, maana zahanati iko ng'ambo na maji yanashuka kwa nguvu kwenye mawe. Mgongoni tunabeba kigunia cha mahindi badala ya mtoto. Ukianguka unalala chali, miguu itangulie, wenzako wakurushie kamba. Lakini ukilala chali mtoto wa mgongoni yuko chini ya maji, kwa hiyo kwanza umfungue umlete kifuani.

Mimi nilifunga mbeleko mafundo mawili, kama ulivyonifundisha huko Tanga. Nilipoanguka hayakufunguka! Wakanivuta kwa kamba, kigunia bado kiko mgongoni. Mama mkwe akacheka, "Mkamwana, fundo hilo la Tanga ni la kufungia mbuzi!" Halafu akakitazama kile kigunia kinavyochuruzika maji, akaacha kucheka. Nililia, Dada.

Mwalimu akanionyesha fundo moja la kitanzi, ukivuta ncha linaachia. Nikarudi majini mara tatu, na mara ya tatu nilifika ukingoni nimekipakata kigunia juu ya maji.

Jumatatu nampeleka Agnesi kuchanjwa. Mama mkwe amesema kamba atashika yeye.

Nawe unavuka mto na Petro mgongoni kwenda sokoni, basi tafadhali funga fundo moja tu, la kitanzi. Mbusu mashavu yote mawili.

Mdogo wako akupendaye,
Maria